Mkono Usioshika Kisu

Mtoto wa dada yangu amerudi Tarime na valvu ya chuma kifuani. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ukaenda vizuri, na akaanzishiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo ataimeza kila siku maisha yake yote. Hajafika miaka 30. Kabla ya kuugua alikuwa akichuna na kukata nyama pamoja na baba yake, na tangu arudi ukoo umegawanyika. Wako wanaosema asiguse kisu tena. Wako wanaouliza, sasa atakula nini? Wote wananipigia simu mimi kwa kuwa nilikuwa tabibu wilayani Serengeti mpaka nilipostaafu. Dada yangu ndiye aliyeuliza kwa ufupi kuliko wote: "Kaka, akivaa glavu si inatosha?"

Swali hilo nimeishi nalo muda mrefu kuliko anavyodhani, na jibu lake nimelipata vipande vipande, kwa watu mbalimbali.

Kipande cha kwanza nilikiona kabla sijajua kuwa kuna dawa ya namna hiyo duniani. Nilikulia mashariki ya Tarime, ambako mashamba ya mihogo na mtama yanaishia karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, na mpaka wake ulisogezwa zaidi ya mara moja baada ya hapo. Babu yangu alikuwa mwindaji kabla ya mpaka. Kwa watu wa rika lake kimoro, nyama ya porini iliyokaushwa, ilikuwa akiba ya kiangazi. Baba mdogo alirithi visu vyake. Yeye ndiye aliyeitwa kuchinja na kuchuna kila palipokuwa na harusi, tohara au msiba, nami nilimshikia miguu ya mnyama tangu nikiwa mdogo.

Nilichokikariri ni mikono yake. Wa kulia, ulioshika kisu, haukuwa na alama. Wa kushoto ulijaa makovu, mengi yakiwa kwenye kidole gumba na kwenye ile nyama laini kati ya gumba na kidole cha shahada. Anayechuna huvuta ngozi kwa mkono mmoja na kupitisha kisu kwa mwingine. Kisu kikiteleza kwenye mafuta, kinaufuata mkono unaovuta. Miaka mingi baadaye nilipoanza kutazama mikono ya wachinjaji na wachunaji kliniki, niliona ramani ileile. Anayeshika kisu kwa kushoto makovu yake yako kulia. Mkono usioshika kisu ndio unaolipa. Kwa hiyo mtu akiniambia amenunua glavu moja tu kwa sababu pesa hazikutosha, namuuliza kwanza ameivaa mkono gani.

Baba mdogo hakuwahi kuvaa kitu mkononi, na sidhani kama angekubali. Mwanamume wa Kikurya amesimama mbele ya ngariba watu wakimtazama, na hakupepesa jicho. Heshima aliyoipata siku ile anatembea nayo mpaka uzeeni. Kumwendea mtu huyo na kumwambia ajikinge na kisu ni jambo zito, na muuguzi kijana kutoka mkoa mwingine anayelisema haraka dirishani, huku akihesabu vidonge, anapoteza maneno yake. Mimi nilijifunza kulisema kwa kumweka mwenye dawa pamoja na baba yake au kaka yake mkubwa, na kuanza na damu kabla ya kisu: "Tata, damu ya kijana huyu tumeibadilisha sisi hospitali, kwa makusudi. Haigandi kama yako." Mzee akishaelewa kwamba kilichobadilika ni damu, na ujasiri wa mwanawe uko palepale, huwa anaamuru mwenyewe.

Nilipoanza kazi Serengeti, upande wa Mugumu, nilikuta jambo jingine. Wanaume walikuja na mikono iliyochanika na wote walikuwa wamekatwa na jembe. Jembe halichani kiganja kwa mstari ulionyooka, wala haliachi alama ya waya kuzunguka vidole. Sikuwa askari, sikuwauliza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ni kali kwa anayekutwa na nyama au silaha bila kibali, na mtu aliyejeruhiwa porini alikuwa anapiga hesabu ya kidonda na hesabu ya kesi kwa pamoja. Wengi walikaa nyumbani siku kadhaa, wakatia majivu au majani, wakaja kidonda kikiwa kimeoza. Kwa mwenye damu ya kawaida hilo humgharimu kidole. Anayetumia wafarini hana hizo siku kadhaa. Ndiyo maana nilifurahi, kama tabibu, serikali ilipotoa kanuni za mabucha ya nyamapori mwaka 2020. Siyo kwamba ujangili ulikwisha. Lakini sasa mtu anaweza kuwa na kazi halali inayomshikisha nyama ya nyumbu au pofu, na akikatwa anaweza kusema amekatwa na nini, saa ngapi, na mnyama alikuwa na hali gani. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa kimeta, brusela na Homa ya Bonde la Ufa vyote huingia kwa mtu kupitia damu na nyama ya mnyama mgonjwa, na mlango wake mwepesi ni kidonda cha mkononi.

Hapa lazima niseme kwa nini wagonjwa wetu ni vijana. Ulaya na Marekani wengi wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda ni wazee, ambao moyo wao umeanza kupiga bila mpangilio. Karatasi za maelekezo zimeandikwa kwa ajili yao: tumia mswaki laini, nyoa ndevu kwa mashine ya umeme, vaa glavu unapotunza bustani. Kwetu wengi walianza kuugua utotoni. Mtoto alipata mafindofindo, koo likapona lenyewe, na wiki chache baadaye mwili uliokuwa ukipambana na vile vijidudu ukashambulia viungo na valvu za moyo wake mwenyewe. Hakuna aliyejua. Miaka 10 au 15 inapita, binti anashindwa kupanda mlima na ndoo kichwani, kijana anaamka usiku akihema. Wachache wanaobahatika kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam wanabadilishiwa valvu, kisha wanarudishwa kijijini na karatasi ileile ya mswaki na bustani. Bustani gani? Wanarudi kwenye panga, shoka, jembe, migunga, uzio wa miiba, mnyama wa kuchinja. Wanaulizwa wanakula nini, na ni sawa waulizwe, kwa sababu mchicha, matembele na sukuma wiki vina vitamini K inayopingana na dawa, na kiasi chake hakitakiwi kupanda na kushuka ovyo. Lakini sijawahi kuona karatasi inayomuuliza mtu anafanya kazi gani kwa mikono yake.

Mmoja wao aliletwa kwangu jioni akiwa amezungushiwa khanga mkono wa kushoto, na khanga ilikuwa imelowa. Alifanya kazi buchani. Hakukatwa na kisu. Alikuwa akipasua mfupa wa paja kwa panga, kipande kikachomoka kama sindano kikamwingia kiganjani. Tundu lilikuwa dogo kiasi kwamba aliendelea na kazi. Damu ya nje ilikuwa inachuruzika tu. Ya ndani ndiyo iliyokuwa tatizo: kiganja kilivimba na kukakamaa, vidole vikawa baridi, maumivu yakazidi. Nilipomuuliza dawa alizomeza, alitaja metronidazoli aliyonunua dukani kwa ajili ya tumbo na diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Ya kwanza huongeza sana nguvu ya wafarini. Ya pili huliudhi tumbo na kuzuia chembe za damu kushikana. Hakuna aliyemwambia, na muuza duka hakujua kuwa mteja wake ana valvu ya chuma.

Hatukuwa na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Kwa asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Kwa mwenye valvu ya chuma ya mitrali tunataka 2.5 hadi 3.5. Tulifanya kile tulichozoea kufanya kwa walioumwa na nyoka: tukaweka damu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tukaiacha dakika 20. Baba yake, mfugaji, alikaa akiitazama chupa ile. Muda ulipofika niliiinamisha, damu ikatiririka. Mzee akasimama.

Nilimweleza jambo ambalo nililipenda tangu niliposoma habari za dawa hii. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakifa kwa kutoka damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin aliendesha gari katikati ya theluji hadi chuo kikuu cha jimbo lake, na ng'ombe aliyekufa na kopo la damu isiyoganda. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake waliitafuta sumu iliyokuwa kwenye majani hayo mpaka wakaipata, na kutokana nayo wakatengeneza wafarini, iliyouzwa kwanza kuulia panya mwaka 1948 kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu amelishwa majani yale?" Nikamwambia ndiyo, kwa kipimo, kwa sababu bila hayo damu ingeganda kwenye chuma kile, ikaziba au ikaruka kichwani. Ndiyo maana hatukuthubutu kumwachisha dawa sisi wenyewe wala kumjaza vitamini K bila kuzungumza na madaktari wake. Tulimbana kidonda, tukainua mkono, tukampeleka Mwanza usiku ule. Alipona, ila kidole kimoja hakikunji mpaka leo.

Kijana yule ndiye aliyenifundisha habari za glavu, maana alikataa kuacha kazi. Tulianza na kilichokuwepo, mipira ya mikono ya hospitali. Mipira hii ilianzia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, karibu na mwaka 1890, daktari William Halsted alipoagiza glavu za mpira kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye ngozi yake ilikuwa ikibabuka kwa dawa ya kuulia vijidudu. Yaani ilitengenezwa kumlinda mfanyakazi mikono, kabla haijajulikana kama kinga ya mgonjwa. Lakini mbele ya kisu haina lolote. Inazuia damu ya mnyama isiingie kwenye mikwaruzo, na kwa hilo tu inastahili kuvaliwa. Ukali wa chuma unapita kama hakuna kitu.

Akajaribu glavu nene za ngozi za mafundi wa kuchomelea. Zilizuia mikwaruzo na joto, lakini zikilowa mafuta kisu kilizunguka mkononi, na kisu kinachozunguka ni hatari kuliko mkono mtupu. Mwishowe ndugu yake alimletea kutoka mjini jozi ya glavu zilizofumwa kwa nyuzi ngumu zisizokatika kirahisi. Nyuzi za jamii hii zilianza kwa Stephanie Kwolek, mwanakemia wa kampuni ya DuPont, aliyegundua Kevlar mwaka 1965. Tuliijaribu juu ya gogo la nyama, glavu ikiwa tupu bila mkono ndani. Kisu kilipita mara kadhaa, uzi haukukatika. Kisha nikachukua mwiba wa mgunga nikausukuma. Ukaingia mpaka upande wa pili bila taabu.

Jaribio lile lilitueleza zaidi ya maandishi ya kwenye pakiti. Glavu ya kufuma inazuia kukata, haizuii kuchoma. Mfupa uliopasuka, mwiba, uzi wa waya uliochomoka, hivyo vyote hupita kati ya nyuzi. Baadaye nilijua kusoma alama zake. Kwenye glavu zinazofuata kipimo cha Ulaya cha EN 388 kuna picha ya ngao yenye nyundo, na chini yake tarakimu nne. Ya kwanza ni kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kuchomwa. Zikiwa za toleo la 2016 kuendelea, hufuata herufi kuanzia A, dhaifu kabisa, hadi F, inayohusu kukatwa. Anayechuna aangalie herufi. Anayepita kwenye miiba au anayeshika nyaya aangalie tarakimu ya nne, na kwa kawaida atahitaji ngozi kwenye kiganja. Tulimwambia kijana avae ya kufuma mkono wa kushoto, mpira wa hospitali juu yake ili isinywe damu na mafuta, na mpira peke yake mkono wa kisu. Kupasua mifupa kulihamia kwa mwenzake moja kwa moja. Na akienda kufanya kazi kwenye bucha la mjini lenye mashine ya kukatia mifupa, asikaribie mashine ile, na hasa asiikaribie akiwa amevaa glavu, kwa maana msumeno ukinasa uzi unauvuta mkono wote.

Habari za waya nilizithibitisha kwa mtu mwingine, aliyewahi kutega na sasa anategua. Tangu mwaka 2017 kuna kikosi cha kutegua mitego Serengeti, kwa ushirikiano wa Frankfurt Zoological Society, shirika la hifadhi za taifa (TANAPA) na kampuni za utalii, na baadhi ya wanaokifanyia kazi waliwahi kuwa upande wa pili. Aliniambia waya mwingi wa mitego hutolewa kwenye matairi yaliyochomwa moto, na ukishakaa porini nyuzi zake hufunguka zikawa kama miiba. Hakuwa mgonjwa wa moyo. Lakini alinionyesha vidole vyake, vitundu vidogo vidogo kila mahali, nikamfikiria mtu mwenye INR ya 3 akiushika waya huo.

Mgonjwa mwingine sitamsahau, mzee mstaafu aliyekuwa akiwinda kanga na kwale kwa leseni. Moyo wake ulipiga bila mpangilio na alikuwa amepata kiharusi kidogo, ndipo akaanzishiwa wafarini. Alikuwa mwangalifu sana kwa mikono. Glavu zake za ngozi zilikuwa safi, zimepakwa mafuta, na hakutoka bila hizo. Aliteleza kwenye korongo akajigonga kichwa kwenye jiwe. Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na tone la damu, akarudi nyumbani na ndege wake. Aliletwa siku ya tatu akiwa hasemi sawasawa, na hakupona. Watu wa familia yake walikuwa wakirudia kuniambia: lakini hakutoka damu. Alikuwa anatoka damu siku zote tatu, ndani ya fuvu. Anayetumia dawa hizi akijigonga kichwa anapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama anajisikia mzima. Glavu bora kuliko zote inaishia kwenye kifundo cha mkono.

Siku hizi watu huniuliza kama dawa mpya, zisizohitaji kupimwa mara kwa mara, haziwezi kutuondolea taabu hii. Kwa baadhi ya wagonjwa zinafaa. Kwa wagonjwa wetu wengi bado. Dabigatran, mojawapo ya hizo, ilijaribiwa kwa wenye valvu za chuma na jaribio likasimamishwa mapema, matokeo yakachapishwa 2013: walioimeza walipata damu kuganda zaidi na kutoka damu zaidi ya waliobaki na wafarini. Mwaka 2022 jaribio kubwa lililohusisha nchi za Afrika lilionyesha kwamba hata wenye moyo usio na mpangilio kutokana na ugonjwa huu wa valvu unaoanzia kwenye mafindofindo walifanya vizuri zaidi kwa dawa za zamani kuliko kwa dawa mpya ya rivaroxaban. Kwa hiyo kijana wa Tarime mwenye chuma kifuani atabaki na wafarini, na kipimo chake cha INR kitabaki safari ya basi.

Dada yangu nimemjibu kwa simu ndefu. Akivaa glavu haitoshi, lakini asipovaa ni vibaya zaidi. Achune, asipasue mifupa. Mkono wa kushoto uvikwe. Awe na kitambaa safi mfukoni, na akikatwa abane kwa nguvu robo saa nzima bila kufunua kuchungulia, mkono ukiwa juu, kisha aende hospitali. Neno la kwanza akifika liwe "natumia wafarini", kabla ya jina lake. Asichomwe sindano wala asinunue dawa ya maumivu dukani bila kuuliza. Asikose kipimo kwa sababu ya mnada. Shemeji akachukua simu, akauliza bei ya glavu, nikamwambia. Ni chini ya nauli ya kwenda na kurudi Mwanza.

Kadi za kliniki nilizozitumia zilikuwa na nafasi ya uzito, shinikizo la damu, dozi na tarehe ya kurudi. Hazikuwa na mstari wa kazi. Miaka yangu ya mwisho niliuchora mwenyewe kwa kalamu chini ya uzito, na nikawafundisha wauguzi wa zamu kuujaza: anachuna, au anakata mkaa, au anajenga, kisu mkono gani, nyumbani nani anajua kwamba anatumia dawa hii. Kuujaza kulichukua muda mfupi kuliko kupima uzito. Kadi zilipochapishwa upya mstari ule haukuwekwa, na muuguzi mmoja aliyebaki pale ananiambia bado anauchora.